Nilinyang'anya ndama maziwa yake ya kwanza

Citoyens, wananchi wenzangu, kosa ni yangu, musitafute mwingine. Jina sitatoa, haya inanitosha.

Nilikuwa natumika kwa centre moja ya kulisha watoto wenye kukonda, hapa Kadutu. Kwa masomo walitufundisha juu ya maziwa ya kwanza ya ngombe yenye imetoka kuzaa, ile nzito ya manjano: iko na protéines mingi kupita maziwa ya kila siku, iko na vitamines, iko na kinga ya magonjwa. Kichwa ikanivimba. Nikasema nitaikausha, niisage, nichanganye na bunga ya bouillie, ile uji ya watoto. Wakubwa watanisifu.

Yaya yangu, mwenye alinitangulia kuzaliwa, kule Mumosho, alikuwa anachunga ngombe ya muzee mumoja. Kwetu iko vile: unachunga, unakunywa maziwa, ndama ni ya mwenye ngombe, mpaka siku anakuambia, "Hii yenye kuja ni yako." Yaya aliingojea hiyo siku miaka. Njo muzee akamuambia vile, na ikazaliwa jike!

Nilifika na bidoni ya kubebea maziwa asubuhi ile ile. Yaya akasita. "Na ndama je?"

"Yaya, itanyonya kesho. Maziwa ni maziwa."

Ujinga gani! Ndama inazaliwa bila ile kinga, na isipoipata siku yake ya kwanza, basi. Nilijua vitamines yote kwa kichwa, lakini sikujiuliza Mungu aliziweka mule juu ya kusaidia nani.

Nikakamua yote. Kwa moto ikaganda sawa mayai, kinga ikafia mu sufuria, watoto wakatema ile bouillie. Ndama ikaanza kuhara, na juma haikuisha, ikakufa.

Muzee akakuja. "Nani alikamua mbele ndama inyonye?" Nilikuwa nasimama pale, na pagne yangu safi ya kazi, kitenge ya centre. Nikaanza kuipangusa vumbi.

"Ni miye, papa," yaya akasema.

Muzee akafungua ngombe yake, akaenda nayo. Tangu pale yaya hanisemeshe.

Kisha mutoto wake wa mwisho, mwenye kukosa maziwa tangu ngombe iende, akaletwa kwa centre, miguu imevimba, nywele imekuwa nyekundu. Miye njo nilimuweka kwa balance, ile mizani ya kupima kilo. Yaya alikuwa anaangalia ukuta tu.

Weye mwenye kusoma, usitoe chakula mu kinywa cha mwenye hawezi kusema, hata kama kitabu inasifu namna gani. Na wakiuliza ni nani, jibu pale pale. Miye nilingojea, na leo niko naungama kwa gazeti. Yaya hata kusoma hajui.