Uzi wa Hansa

Nazi ya sadaka hairushwi.

Huwekwa majini taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa basi letu pale kivukoni Kilifi, isipokuwa mmoja.

Hansa aliivurumisha yake kama anayempiga nyoka.

Kivuko kizima kikageuka kumtazama.

"Nazi imekukosea nini, dada?" aliuliza Stambuli, dereva wetu, mzaliwa wa Barani, huko huko Malindi. "Sisi huku tungekwisha kuikuna."

Hansa hakucheka. Aliniinamia sikioni.

"Mwikali, nimeiambia bahari ikatae."

Ilikuwa Agosti 1986. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na likizo ile kampuni ndogo ya utalii ya Nairobi iliniajiri kusindikiza wasafiri. Kundi langu lilikuwa familia za Kihindu zilizokwenda Malindi kwa sikukuu ya mwezi mpevu. Siku hiyo bahari hupewa nazi, na dada humfunga kaka yake uzi mwekundu mkononi. Uzi ukishafungwa, kaka ana wajibu wa kumlinda dada yake maisha yote.

Lakini Hansa, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa anapelekwa kuchumbiwa.

Shangazi yake, ambaye basi zima lilimwita Foi Kamla, ndiye aliyepanga mambo yote. Bwana mwenyewe alikuwa Ramnik, mwenye duka la vitambaa pale Malindi. Hansa alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia. Foi alikwisha kutamka kwamba uchumba ukifungwa, hakuna masomo tena.

"Hii mtoto nasoma sana," aliniambia nilipokuwa nikimmiminia chai. "Macho itaharibika."

"Lakini Foi, yeye mwenyewe anataka nini?"

"Na mama yako, kabla ya kuolewa, nani naliuliza yeye nataka nini?"

Damu ilinichemka. Mwaka uliotangulia wanawake wa dunia nzima walikuwa wamekutana Nairobi, nami nilikaa kwenye nyasi za chuo nikiwasikiliza wakizungumzia haki. Sasa dhuluma ilikuwa imeketi nyuma ya dereva, ikimenya njugu.

Tulipofika Malindi, nikapewa chumba kimoja na Hansa. Foi alipojilaza baada ya chakula cha mchana, nilifunga mlango.

"Kuna basi la Mombasa linaondoka sasa hivi," nilimwambia. "Foi akiamka, sisi tuko mbali."

"Halafu?"

"Halafu uko huru."

Alikuwa akipanga nyuzi kwenye sinia, moja moja, kwa ajili ya binamu zake wa kiume.

"Nina wadogo zangu wawili wa kike," alisema. "Nikitoroka, wataitwa ndugu za yule aliyetoroka mpaka wazeeke. Nani atawaposa? Huo uhuru wangu watalipa wao."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Sijasema nimekubali."

Jioni tulikusanyika uani kwa mama yake Ramnik. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kitambaa chekundu, na ndani yake sukari guru na mbegu za giligilani. Pande zote mbili zikishaonja, uchumba umefungwa.

Kwanza, nyuzi.

Hansa alipita na sinia, akiwapaka binamu zake rangi nyekundu kwenye paji la uso, akiwafunga, akiwalisha vitamutamu.

"Na mimi je?" Stambuli aliita kutoka mlangoni. "Nina dada sita, hawajanipa hata kamba ya mbuzi."

Watu walicheka, na Hansa akamfunga naye.

"Kwani si lazima wawe wa damu moja?" nilimuuliza bibi aliyeketi kando yangu.

"Damu si lazima, binti. Uzi unatosha."

Ukabaki uzi mmoja.

Hansa akasimama mbele ya Ramnik.

"Hansa," Foi alisema. "Hapana huyo."

Ramnik angeweza kuurudisha mkono wake nyuma. Watu wangecheka, wangesema msichana amechanganyikiwa, kisha sahani ingefunuliwa. Na Hansa hangekuwa na njia nyingine.

Ramnik alimtazama usoni.

"Una hakika?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nina hakika."

Akakunja mkono wa shati lake. Akaunyoosha.

Fundo lilimshinda Hansa mara ya kwanza.

"Mtoto nakosea," Foi alisema. "Fungua hiyo."

"Dada yangu amenifunga, Foi. Nani wa kunifungua?" Kisha Ramnik akamgeukia Hansa. "Kaka hutoa zawadi. Wataka nini?"

"Kusoma."

"Basi mimi, kaka yake, nasema asome. Atakayembughudhi ataniona mimi."

Mama yake Ramnik aliichukua ile sahani, maana kaka haoi dada, akaingia nayo ndani, wala hakutoka tena.

Usidhani palikuwa na shangwe. Asubuhi tulipopanda basi, hakuna mwanamke aliyekubali kuketi na Hansa. Foi alimpita kama anayepita kiti kitupu.

Ramnik alikuja kumsaidia Stambuli kupandisha mizigo. Nilimfuata nimshukuru, maana safari nzima nilikuwa nimemchora akilini kama jitu lenye pembe.

"Usinishukuru, dada," aliniambia. "Mimi ndiye niliyemsumbua mama ampose. Nilimwona Nairobi akibishana na mwenye duka la dawa mpaka yule mzee akakubali amekosea. Tangu siku hiyo sikutaka mwingine."

Niliutazama uzi mkononi mwake.

"Ungeweza kuurudisha mkono," nilimwambia.

"Ningeurudisha, ningepata mke," alisema. "Yule niliyemwona dukani nisingempata."

Akaushusha mkono wa shati ukaufunika uzi, akainua sanduku la Foi.

Ndugu msomaji, nilikwenda Malindi nikiamini kwamba kila aliyefungwa ana mfungaji wake, na kazi yetu ni kumjua adui tu. Sasa sina uhakika huo. Ukimwona mtu ametoka mlangoni akiwa huru, furahi naye. Lakini geuka pia umtazame aliyeuzuia mlango usijifunge, uone vidole vyake vimebanwa kiasi gani.