Sikio la Kushoto la Tausi

Phelister Kageha aliogopa mbwa tangu utotoni kwao Maragoli, wala hakuona haya kusema. Akikutana na mbwa mtaani Umoja, hata mbwa mzee asiye na meno, alivuka barabara. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 1978, kaka yake mdogo Dishon alipoingia kwake na katoni ya sabuni, kisha kitu kikapiga chafya ndani ya katoni, Kageha alikuwa juu ya meza kabla Dishon hajasema hodi ya pili.

"Shuka, dada. Ni mtoto tu. Ni Alsesheni, wale mbwa wa polisi."

"Hata awe askofu! Mtoe!"

Dishon alikuwa amepata kazi Mombasa, na chumba alichopangiwa huko hakikuruhusu mbwa. Akaomba amwachie kwa muda mfupi tu. Kageha akakubali akiwa bado juu ya meza, maana Dishon alikuwa kitinda mimba, na tangu lini kitinda mimba akanyimwa kitu? Huo muda mfupi ukanyooka kama barabara ya Mombasa yenyewe. Yule mtoto wa mbwa, mweusi mgongoni na kahawia miguuni, alikataa katakata kulala katonini; alilala juu ya viatu vya Kageha. Na asubuhi, akielekea kiwandani Industrial Area alikofunga peremende, Kageha alijikuta anacheka peke yake njiani. Akampa jina Tausi, kwa sababu ya maringo.

Shida ilikuwa moja: sikio. Alsesheni akikua, masikio yake husimama yote mawili. La kulia la Tausi lilisimama kama askari wa gwaride. La kushoto lilijilaza tu, kama mgeni aliyeshiba.

Ndipo Kageha aliposikia habari za Chama cha Alsesheni cha Eastlands. Kilikuwa kimeanzishwa na Mzee Njogu, mstaafu aliyewahi kufunza mbwa wa polisi, pamoja na majirani zake wa Makadara waliochoka kuambiwa kwamba mbwa wa aina hiyo ni wa matajiri wa Karen na Muthaiga. Jumamosi alasiri walikutana uwanjani karibu na Jogoo Road, wakawafunza mbwa kuketi, kungoja, na kutembea bila kumburuta mtu. Mara kwa mara waliwaogesha kwa dawa ya kupe kwenye pipa, na kila mara mwenye mbwa alitoka amelowa kuliko mbwa. Walimleta pia daktari wa mifugo awachanje. Watoto wa mtaa walipoleta mbwa koko wao nao wachanjwe, mwanachama mmoja alikunja uso, lakini Mzee Njogu akamkata kauli.

"Kichaa cha mbwa hakiulizi kabila," alisema. "Pangeni foleni!"

Siku Kageha alipojiunga, mzee alimzunguka Tausi mara kadhaa, mikono nyuma.

"Mwanangu, una mbwa mzuri sana. Hili sikio tu ndilo halijapata habari."

Uwanja mzima ukacheka, na Kageha akacheka zaidi ya wote. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wakiuru, muuza mboga, aliapa kwa supu ya mifupa. Ochola, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye dume kubwa kama ndama lililoitwa Kanali, alisema sikio lifungwe plasta. Kageha akajaribu supu, akajaribu plasta, akalikanda kwa mafuta ya nazi huku akiliimbia. Kiwandani wenzake walimuuliza, "Sikio limeamkaje?" kama watu wanaomuulizia mgonjwa.

Mwaka 1981 chama kikafanya maonyesho yake ya kwanza, Jumapili alasiri. Watu walifurika kutoka Umoja, Donholm, na mitaa yote ya Jogoo Road, wengine bado na nguo za kanisani. Mwamuzi alikuwa Daktari Abdinoor, mtu mrefu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Alifika kwa Tausi akapiga goti.

"Mgongo safi. Miguu safi. Mwendo safi." Akashusha pumzi. "Lakini sikio, mama..."

Papo hapo ngoma zikalia. Waumini wa kanisa moja, kanzu nyeupe na bendera juu, walikuwa wakipita barabarani wakiimba na kuruka. Kanali, dume la kutisha, akajificha nyuma ya Ochola na kuanza kubweka kwa sauti ya kitoto. Mbwa wengine wakainua pua mbinguni wakaitikia wimbo. Tausi peke yake alinyamaza. Alinyoosha shingo kuelekea zile ngoma, na lile sikio la kushoto likaanza kupanda, taratibu, taratibu, mpaka likasimama wima.

"Msipumue," Kageha alinong'ona.

Daktari Abdinoor alilitazama. Ngoma zikafifia, na sikio likarudi kulala.

"Kanuni zinasema sikio lisimame," alisema daktari, na meno yake yakaonekana, yote. "Hazisemi kwa muda gani. Huyu ndiye wa kwanza kwa majike!"

Kageha akapiga vigelegele. Alimkumbatia Tausi, akamkumbatia Mzee Njogu, akamkumbatia Wakiuru na kapu lake, akamkumbatia daktari hadi kofia ikaanguka, kisha akalikumbatia lile dume Kanali shingoni.

"Dada," Ochola akamwambia polepole, "huyo ni mbwa."

"Najua!" akapaza sauti, bila kumwachia.

Mwaka uliofuata wanachama wakamchagua Kageha kuwa mwenyekiti, na Tausi akazaa watoto, baba yao Kanali. Watu walibisha mlangoni kwa Kageha tangu asubuhi, naye hakumpa yeyote mtoto kabla ya kwenda kujionea mahali atakapomweka. Matheka, mwenye bucha Donholm, alimwonyesha mnyororo mnene nyuma ya duka.

"Nitamfunga hapa, mama, awatishe wezi."

Kageha aliushika ule mnyororo, akaupima uzito, akamtazama Matheka kiunoni.

"Jaribu wewe kwanza, baba, mpaka Jumamosi. Ukiupenda, nitamleta."

Matheka alicheka mpaka akajishika mbavu, akautupa mnyororo kwenye pipa la taka. Jumamosi ile ile alikuwa uwanjani, amelowa dawa ya kupe hadi kwenye nyusi, na mtoto wa mbwa kifuani ndani ya koti.