Mfuko wa Kushoto

Krap! Krap! Mkasi wa marehemu mama yake ulikuwa ukila kitambaa juu ya meza ya mbao, na Bi Tepu, mtoto bado, yuko chini ya meza anaokota vipande. Mlio huo hajausahau. Jina la Bi Tepu alibandikwa na majirani ukubwani, kwa sababu utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake, hata akienda kununua chumvi.

Alijifunza kushona kwa kumshonea mama yake nguo. Mama alikuwa amevunjika mkono wa kushoto ukaunga vibaya, kiwiko kikagoma kukunjika, kwa hiyo mfuko wa upande huo ulibidi ushuke vidole viwili. Mama akafa, mfuko haukupanda. Kwa miaka ishirini makoti meupe aliyowashonea wauguzi wa hospitali yalitoka hivyohivyo, na wauguzi wakazoea.

"Kosa hili utalirekebisha lini, mama?" binti yake aliuliza, huku akitia vifungo.

"Bibi yako si kosa."

Siku moja akaja mgeni mwenye maneno laini. Alinunua koti moja, moja tu, na hakuomba kupunguziwa. Akaligeuza ndani nje, akapiga picha kila mshono, akashukuru mara tatu.

"Umeona, mama? Dunia siku hizi kijiji kimoja! Kazi yako itavuka bahari," binti akasema mgeni alipoondoka.

"Kijiji gani hicho, yeye anapajua kwangu na mimi kwake sipajui?"

Tangu hapo Bi Tepu akawa hakati kitambaa dirisha likiwa wazi. Mteja mpya alihojiwa kama mchumba. Binti alicheka mpaka machozi: "Kesho utamuuliza muuza maziwa ng'ombe wake ametokea wapi!" Bi Tepu hakucheka. Mtu asiyevutana bei, alisema, amekuja kununua kitu kingine.

Kila mwisho wa mwaka mkuu wa wauguzi humletea orodha ya makoti mapya. Bila kazi hiyo chereheni zake tatu zingebaki kuwa meza za kuwekea vikombe. Mwaka huo mkuu alichelewa. Alipokuja hakuwa na orodha, alikuwa na mfuko wa plastiki, na macho yake yalikuwa sakafuni.

"Dada yangu, usinichukie. Wakubwa wameagiza nje. Yamekuja kontena zima."

"Lete nione."

Koti likatoka, jeupe, lebo yake ina maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma mle ndani.

"Si yaleyale tu?" mkuu akasema, kama anayefariji. "Wasichana hawatapata hata taabu ya kuyazoea."

Binti alivuta utepe kutoka shingoni mwa mama yake, akapima mfuko wa kulia, akapima wa kushoto. Akapima tena.

"Vidole viwili," akasema. Hakuwa akicheka sasa. "Yote yako hivi?"

"Yote, mwanangu. Kwani vipi?"

Bi Tepu alilivaa lile koti, akaunyoosha mkono wa kushoto bila kukunja kiwiko, na kiganja kikaingia mfukoni chenyewe, kama kimeitwa. Akakiacha humo. Kisha akainamia kola, na waliokuwa karibu walisikia kwa shida:

"Mama, hata mkono wako wameubeba."