Simu ya Saa Moja Asubuhi

Dorotea wa Butimba, mpishi mstaafu wa chuo, alikuwa anaongea na mtu mmoja tu kwa siku: Hellen, muuguzi wa utafiti. Saa moja kamili asubuhi simu ililia.

"Shikamoo mama. Umekunywa unga wako?"

"Marahaba mwanangu, nimekunywa."

Basi, imekwisha. Na kwa nusu dakika hiyo Dorotea alikuwa ameshavaa kitenge kizuri tangu saa kumi na mbili. Mcheke tu, nyie mlio na watu wa kuwaudhi nyumbani.

Unga wenyewe ulikuwa wa maganda ya vitunguu vyekundu. Watafiti walitaka kujua kama flavonoidi, kemikali zilizomo kwenye mimea, zinaweza kushusha insulini iliyozidi kwenye damu kama yake, kabla kisukari hakijaingia. Mwaka ukiisha kila mtu angepimwa, bila kula tangu jana yake. Atakayekuja ameshiba anatolewa kwenye utafiti. Wengine wataendelea mwaka wa pili, na simu zao.

Jioni ya kuamkia kipimo, shemeji yake Masalu akashuka kwenye meli ya Nansio, akabisha hodi. Tangu msiba wa mumewe, miaka mitatu, hakuna ndugu wa mume aliyekanyaga pale. Maneno yalizagaa ukweni kwamba marehemu aliuawa na chakula cha mkewe. Uongo mtupu, ila ulimlia watu wake wote.

Asubuhi Dorotea akaandaa chai na matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha. Kwao mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone hakuna baya. Masalu alitazama sahani, mikono magotini. Sasa mtu anayekushuku sumu, utamwambia leo daktari amekukataza kula? Dorotea akachukua kipande, akatafuna, akameza. Akachukua cha pili. Ndipo Masalu akala.

"Shemeji, viazi vyako ni vilevile," alisema, na Dorotea nusura alie kwa furaha. Simu ya Hellen iliwakuta bado mezani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wale hawakuwahi kupimwa insulini.

Saa tatu alikuwa kwenye kituo cha utafiti, mkono wa nguo ameshaukunja. "Hujala kitu, mama?" Hellen aliuliza, sindano mkononi. Neno moja la uongo lingetosha. Lakini Dorotea aliwaza watu watakaotibiwa kwa majibu ya damu yake.

"Nimekula. Viazi, vipande viwili."

Hellen akaweka sindano chini. "Jamani mama. Si ungeniambia nilipopiga?"

"Ningesemaje, na shemeji amekaa mbele yangu?"

Masalu aliondoka na meli ya mchana. Alisema atarudi Mungu akipenda, na hakutaja mwezi.

Kesho yake Dorotea alivaa kitenge, akaweka simu mezani. Saa moja ikafika, ikapita. Akakoroga unga uliobaki, akaunywa wote, akafuta mdomo.

"Marahaba mwanangu," akaiambia simu. "Nimekunywa."