Pikapu Iliyogoma Siku za Hospitali

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa sababu figo zake zimechoka. Akikosa siku moja, maji yanajaa mwilini na pumzi inakuwa fupi. Daktari alituambia hilo mara moja tu, na mimi sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Kutoka kwetu, juu ya soko la Silibwet, mpaka hospitali ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Tulikuwa na pikapu moja kuukuu na mtu mmoja wa kuiendesha, mke wa kijana wangu. Kijana mwenyewe anafanya kazi mbali.

Pikapu ilianza ujinga wake wakati wa mvua. Unawasha, inasema "tk", basi. Taa zinawaka, honi inalia, injini kimya. Unajaribu mara ya nane, inanguruma kama hakuna kitu kimetokea. Kesho yake inawaka mara ya kwanza. Ingekufa kabisa ningetulia, kwa sababu kitu kilichokufa unakijua. Hii ilikuwa inatuchezea.

Nikatoa amri. Huku kwetu kwa milima, mwenye gari nzee huiegesha ikitazama chini, ili ikikataa aachilie breki iteremke, atie gia, iwake yenyewe. Nikamwambia mke wa kijana wangu, "Kuanzia leo hiyo gari inalala ikitazama bonde. Sitaki kuiona ikitazama nyumba."

"Ndiyo, Mama."

Kuigeuza ilikuwa taabu, njia yetu ni nyembamba na majani chai yameibana pande zote mbili. Lakini alitii.

Fundi wa pale Silibwet ni mtu wa kutoka mkoa wa Kati, kijana wa mdomo mwingi. Tulimpelekea mara tatu. Mara ya kwanza alisugua vichwa vya betri. Mara ya pili akaweka betri nyingine. Mara ya tatu akabadilisha stata, ile inayozungusha injini iwake. Kila mara, pale uwanjani kwake, gari iliwaka vizuri kabisa.

"Cucu, hii gari haina ugonjwa," aliniambia akipangusa mikono. "Labda inakuogopa wewe."

"Cucu ni nyanya wa kwenu. Huku kwetu nyanya ni kogo. Na kama ingeniogopa ingewaka."

Watu walicheka. Mimi nilirudi nyumbani. Nilianza kuogopa Jumatatu na Alhamisi. Nikikamua, jicho liko kwa pikapu. Nikichuma majani, jicho liko kwa pikapu.

Jumanne moja asubuhi, baada ya mvua kubwa, mzee alikuwa ameketi ndani ya pikapu na koti na blanketi. Tk. Tk. Tk. Mke wa kijana wangu akanitazama.

"Achilia," nikasema.

Iliteremka, akatia gia, lakini udongo ulikuwa kama sabuni. Magurudumu hayakuzunguka. Gari iliteleza kiubavu mpaka ikaingia kwa majani chai ya jirani. Nilikimbia nikianguka na kuinuka. Mzee alikuwa mzima, ameshika mlango kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Tumefika?"

Akina mama waliokuwa wakienda kuchuma walitua vikapu wakaja kusukuma. Haikutoka. Jirani akaleta trakta, akaifunga kamba mbele, akaivuta mpaka ikasimama njiani ikitazama juu. Mke wa kijana wangu akajaribu ufunguo. Ikawaka mara moja.

"Kumbe ilitaka kuoga tope kwanza!" mama mmoja akapiga kelele, na wote wakaangua kicheko.

Tulifika hospitali tumechelewa. Mashine ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Wakatuambia turudi kesho. Njiani tukirudi, mzee alikuwa tayari anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima.

Mchana huo sikuweza kukaa. Ng'ombe akikataa kula, sianzi na dawa. Nauliza alisimama wapi na alipitia wapi. Nikafanya hivyo kwa gari. Kwa fundi ni tambarare, inawaka. Kanisani ni tambarare, inawaka. Leo ilitazama juu, imewaka. Na zile siku za kwanza ilikataa wapi? Pale tunapopeleka maziwa, kwenye mteremko, mdomo chini. Tangu nitoe amri yangu, ilikuwa inakataa karibu kila wiki.

"Igeuze itazame bonde," nikasema.

"Mama, si tutakwama tena?"

"Geuza, halafu zima, halafu washa."

Tk.

Sikuruhusu mtu kuisogeza. Tulimpigia fundi simu aje aione hapo hapo. Alikuja na bodaboda, akatandika gunia, akaingia chini.

"Kogo, njoo uone."

Kulikuwa na waya nene inayounganisha injini na bodi, ile wanaita ya arthi. Ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki nyuzi chache. Raba zinazoshikilia injini nazo zilikuwa zimekwisha. Gari ikitazama chini, injini inalala mbele na kuivuta ile waya, nguvu ya betri haipiti. Ikiwa tambarare, injini inarudi, waya inagusana.

"Nani aliwaambia muiegeshe hivi?" akauliza.

Mke wa kijana wangu aliangalia viatu vyake.

"Ni mimi," nikasema.

Aliweka waya mpya, akaijaribu ikitazama bonde, mara kumi. Raba alisema zitangoja wiki ijayo. Asubuhi miguu ya mzee ilikuwa imevimba, viatu vikakataa kuingia, akavaa sandali zangu. Pikapu iliwaka. Safari hii tulifika hospitali kwa wakati.

Damu yake ikiwa inapita kwenye mipira ya mashine, nilimweleza yote. Alifunga macho.

"Kwa hivyo jana niliingia kwa majani chai kwa amri yako."

"Ndiyo."

"Afadhali umesema. Ningekufa nikilaumu betri."

Yeye alicheka kidogo. Mimi sikuweza. Niliangalia kifua chake mpaka nikaona kinapanda na kushuka taratibu, hakihangaiki kutafuta pumzi tena, ndipo nikatoka nje. Mke wa kijana wangu alikuwa amekaa ndani ya pikapu, anaogopa kuiacha. Nikamwambia pole, kwa sababu alikuwa ametii tu, kisha nikamwambia aende anywe chai.