Safu Nne za Hiram

Waithera hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alikuwa mama wa kanisa, na msichana wa kwaya aliyemletea hadithi za mapepo alitumwa akachanje kuni. Lakini kuanzia Agosti mwaka wa 2006, kila saa kumi alasiri, alibeba kikombe cha chai hadi shambani, akaketi juu ya debe, akazungumza na marehemu mume wake. Na mume akamjibu.

Hiram Gachanja alikuwa na miaka minne kaburini. Ndiye aliyeleta mizabibu kwenye mteremko huo wa Saboti, wakati majirani wote walipanda mahindi na kumcheka waziwazi. Kabla ya mche wa kwanza alizunguka mteremko mzima na kipimo chake, mbao tatu zilizoungwa kama herufi A na jiwe likining'inia katikati kwa kamba, akiweka alama za matuta ya fanya juu, yale ya udongo unaotupwa upande wa juu wa mtaro, ili mvua isiubebe. Waithera ndiye aliyemshikia mguu wa pili wa kipimo. Katikati ya shamba Hiram aliacha ukanda wa nyasi ulioshuka moja kwa moja hadi bondeni.

"Hapo nimepitisha maji," alisema, na ukimuuliza zaidi alianza kupiga mluzi. Alipiga mluzi akipogoa, akifunga matawi kwenye waya, mluzi ule ule mwembamba, mpaka mkewe akatamani kumziba mdomo.

Alipofariki, Waithera alikata vipandikizi kutoka mzabibu wake wa kwanza, akavipanda kwenye ukanda ule wa nyasi, safu nne, kwa ukumbusho. Akasimamisha nguzo, akakaza waya. Ilikuwa ardhi nono, na kuiacha bure aliona ni uzembe wa marehemu. Miche ilishika upesi ajabu, na mwaka huu ilikuwa imezaa kwa mara ya kwanza.

Ndipo waya zikaanza kupiga mluzi. Mwanzo ilikuwa sauti nzito, upepo ukipita. Wiki baada ya wiki ikapanda, ikawa nyembamba, hadi ikawa ya Hiram kabisa. Siku hiyo Waithera alilia kwa furaha. Tena alipopogoa safu hizo, matawi yalidondosha maji kwa wiki mbili, ilhali mizabibu mingine huacha kudondosha baada ya siku chache.

"Kumbe na wewe unalia," alimwambia.

Nyumbani, chini ya ukanda huo, hakukuwa na furaha. Nasambu, mke wa mwanawe Wachira, mzaliwa wa Sirisia, aliishi naye pamoja na mtoto Joy, maana Wachira alifundisha Bungoma.

"Mama, mrango ya Joy imejifungua tena, na upepo hakuna," alisema asubuhi moja. "Nikiweka chupa yake chini, inajiviringisha yenyewe mpaka kwa ukuta. Huyu mzee anataka nini? Mimi siwezi kurara hapa."

"Anatusalimia tu. Wacha woga."

"Salamu gani hii bana, ya kufungulia mtoto mrango?"

Waithera alikasirika. Mjukuu wa Hiram hangemkimbia Hiram.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Waithera aliingia stoo kutafuta gunia la kujifunika. Kipimo kilisimama pale pale Hiram alipokiacha, juu ya sakafu aliyoisawazisha kwa mkono wake, kamba ikiangukia alama katikati ya ubao. Lakini leo kamba ilikuwa imehama alama kwa vidole vitatu, upande wa bondeni. Nywele zikamsimama.

"Hiram, unanionyesha nini?"

Akakigeuza kipimo. Kamba ikaelekea bondeni tena. Akakumbuka Hiram alivyokuwa akimfokea kila alipoligusa jiwe: jiwe likikataa alama, usilisogeze, tazama umesimama wapi.

Akatazama. Chini ya magunia, sakafu ilikuwa na ufa wa kuingia kidole. Aliufuata ukipanda ukuta, akautafuta nje uani, akaupata, akapanda nao kwenye mvua hadi kwenye zile safu nne. Ardhi ilikuwa imekatika, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Nguzo zilikuwa zimeachana, zikikaza waya wiki baada ya wiki. Alipokanyaga, maji yalifoka chini ya kiatu. Aliyaziba mwenyewe kwa mizabibu yake ya mapenzi, yakakosa njia yakaingia chini, na sasa mteremko ulikuwa unatembea, na chumba cha Joy juu yake. Waya zikapiga mluzi vizuri kuliko siku zote.

"Nasambu! Mpeleke mtoto kwa jirani Chepkemoi, ng'ambo ya bonde! Halafu urudi na jembe!"

Alianza na koleo, akikata waya. Kila waya ulilia mara moja ukanyamaza. "Nisamehe," alisema kwa kila mmoja. Kisha wakang'oa mizabibu pamoja na vichala vyake vibichi, wakachimba hadi giza lilipoanza kuingia, ndipo maji mekundu yakapasuka yakashuka bondeni kwa njia yao ya zamani.

Ufa haukuongezeka tena. Mlango wa Joy ulirekebishwa, nyasi zikapandwa upya.

Saa kumi Waithera bado hupeleka chai yake. Siku moja Nasambu alimfuata.

"Mama, leo anasema nini?"

"Hasemi."

Nasambu aliporudi nyumbani, Waithera alikaza midomo, akajaribu kuupiga mluzi ule mwenyewe. Miaka thelathini alikuwa ameusikia, na hakuukumbuka unavyoanza.