Ukurasa wa Pili wa Karatasi ya Chanjo

Nilikuwa relais wa afya katika mtaa wetu hapa Baraka, yaani mtu wa kuzunguka na megafoni na kuwaita akina mama siku ya chanjo. Muuguzi alinipa karatasi ya kurasa mbili. Wa kwanza ulieleza faida: kinga ya surua, polio, kifaduro. Wa pili ulieleza yanayoweza kufuata: homa ya siku moja au mbili, paja kuvimba, na, mara chache sana, mwili kuikataa dawa kwa nguvu. Ndiyo maana mama huombwa kungoja kituoni nusu saa.

Ukurasa wa pili niliacha kuusoma. Kila nilipoufikia, akina mama walijitwika mabeseni wakaondoka, nami nilikuwa nimechoka. Nikawa napaza sauti tu: "Hakuna homa, hakuna kitu!"

Jirani yangu alinisadiki, akaleta mtoto wake achanjwe. Kesho yake alisimama mlangoni pangu, binti yake mchanga mgongoni.

"Papa, ulisema hapana homa. Mutoto anawaka moto!"

"Ni jua, mama."

"Jua gani? Tulishinda mu nyumba."

Ningeweza kukiri pale pale. Nikarudia jua. Homa iliisha, lakini mama yule hakurudi tena kituoni, hata zamu ya chanjo ya surua ilipofika. Surua ikapita mtaani, ikamshika binti yake. Mtoto alipona, ila masikio yalitoa usaha kwa miezi, na sasa hayasikii.

Mwaka huu amezaa mwingine. Nilikwenda kwake nikamsomea kurasa zote mbili, kisha nikamwambia kwamba lile la jua lilikuwa uongo. Aliendelea kugeuza ndagala zake, dagaa alioanika chini.

"Kwa hiyo homa iko?"

"Inaweza kuja, mama."

"Na ule mukubwa, kama ningemupeleka, angesikia?"

Nilitamani kusema sijui.

"Naamini angesikia."

Aligeuza ndagala nyingine.

"Toka basi, papa. Unakanyaga ndagala zangu."

Siku ya chanjo alikuja. Hakunisalimu. Sindano ilipokwisha, aliketi kwenye benchi nusu saa nzima, akamuuliza muuguzi, si mimi, afanye nini homa ikija. Wakati wa kuondoka, binti mkubwa alikuwa ameinama akichora mchangani. Mama hakumwita. Alimwendea akamgusa bega.